Sweta la Kufumua

Miaka ile ya soko huria, uzi mpya wa sufu ulijaa madukani Mwanza, sisi tukauangalia kupitia kioo. Mume wangu alikuwa ameachishwa kazi kiwandani Nyakato, nami nilikuwa na mimba ya kwanza. Nikafanya kama wanawake wengine wa mtaani kwetu: kununua masweta ya mitumba, kuyafumua, na kufuma upya.

Ukisikia hivyo utadhani ni kazi nyepesi. Sweta langu la kwanza lilikuwa jekundu, laini, nikalipenda kabla sijaligeuza ndani. Kumbe lilikatwa kwa mkasi na kushonwa pembeni kwa mashine. Kila mstari nilioufumua uliishia kwenye mkato, nikabaki na vipande vya uzi visivyozidi urefu wa mkono. Niliviunga kwa mafundo nikafuma mgongo wa kisweta cha mtoto. Ulijaa vinundu kama ngozi yenye upele. Nikautupa jalalani.

"Geuza ndani kwanza," jirani yangu aliniambia. "Mshono ukikaa kama msuko wa nywele, nunua. Ukiona umekatwa, achana nalo."

Nikarudi sokoni siku baada ya siku, nikigeuza masweta hadi muuzaji mmoja akaniuliza, "Mama, unanunua nguo au unatafuta kunguni?"

Mwishowe nikalipata: la bluu, la mwanaume mnene, sufu tupu, mishono yote ya msuko. Nililifua, nikalianika uani ili kesho yake nianze kufumua.

Mchana huo mama mkwe alifika kutoka ng'ambo ya Busisi, amekuja kutibiwa magoti. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali. Nilipotoka nje nilimkuta amekaa kibarazani, amevaa sweta langu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akubariki! Upepo wa kwenye kivuko umenitesa, halafu nafika nakuta umeniwekea sweta."

Ningemwambia nini? Kwamba nataka kulifanya nyuzi sweta zima, zuri kama lile?

"Bado bichi kidogo, mama," nilisema, nikitumaini atalivua.

"Litakaukia mwilini."

Jioni nilimvuta mume wangu uani. "Mwambie mama yako."

"Nimwambie nini? Kwamba mke wangu anataka kumvua nguo?"

"Ule ni uzi wa mtoto!"

"Ni sweta lile. Kila mtu anaona sweta."

Nilizidi kukereka kwa kuwa alisema kweli.

Mama mkwe alilala nalo, akaenda nalo hospitali, akawaonyesha majirani. "Mkwe wangu huyu ana moyo," aliwaambia, na jirani yangu, aliyejua yote, akainama akijifanya anafunga kiatu. Siku moja mama aliniona nimekaa, sindano za kufumia ziko mapajani, tupu.

"Mbona hufumi, mwanangu? Mtoto anakaribia."

Niliingia ndani, nikajifungia, nikalia kwa hasira. Alipoondoka, aliondoka nalo mwilini, nami nikamsindikiza hadi stendi nikibeba mfuko wake, nikitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Mwanangu alizaliwa wakati wa mvua, akafunikwa kwa khanga na taulo. Nilipopata sweta jingine lenye mshono mzuri, la kijivu, alikuwa ameshaanza kukaa. Nililifumua, nikafua uzi, nikautundika na jiwe ili unyooke, nikafuma kila alipolala. Safari hii hapakuwa na fundo hata moja. Siku nilipomaliza nilimwita mume wangu aje aone, nikamvalisha mtoto mbele yake.

Kichwa hakikupita.

Nikavuta, mtoto akapiga kelele. Mume wangu akaniangalia, akatoka nje, na hapo alifanya busara. Nikakaa kitandani, nikautafuta mwisho wa uzi shingoni mwa kisweta, nikaanza kufumua.