Pasi Juu ya Santuri

Nilipiga pasi santuri. Nasema mapema nisije nikazungukazunguka: mtu mzima, fundi cherehani mwenye cheti cha kidato cha nne, niliilaza juu ya meza ya kukatia, nikaifunika kitambaa kilicholoweshwa, nikaikandamiza kama kola ya shati.

Haikuwa yangu. Ilikuwa ya jirani yangu wa mlango wa pili pale Turffontein, Joburg, mzee Mkongomani kutoka Lubumbashi, mlinzi wa duka la fanicha. Aliniachia wiki moja ili apake rangi chumba chake, maana binti yake alikuwa anakuja Jumamosi saa saba mchana. Baba na binti hawakuwa wamesemeshana zaidi ya mwaka, tangu mzee alipomzika mkewe bila kumngoja binti afike. Santuri ilikuwa ya marehemu: mwanamke wa Kimarekani akiimba zile nyimbo za mapenzi za zamani ambazo kila mwimbaji wa jazi wa kwao lazima azipitie, kinanda na besi nyuma yake. Kwenye jalada amevaa gauni lililokatwa mshazari. Nilikagua mshono kabla ya sura. Marehemu aliipiga kila Jumapili akipika, na binti alikulia humo humo, chini ya meza.

"Fundi, akiingia asikie kwanza ile sauti," mzee aliniambia. "Mi sina maneno. Ile ndiyo maneno yangu. Uichunge."

Nikaichunga. Mimi si mtu wa kutoka. Safari yangu ndefu ni Fordsburg kununua zipu, na nikirudi najisimulia wiki nzima. Nani angeilinda vizuri kuliko mtu asiyebanduka kitini? Tatizo, asiyebanduka kitini huwasha hita, hasa katika baridi ya Julai ya Joburg. Niliisimamisha kando ya hita, nikijisifu kwamba nimeipa nafasi ya mgeni wa heshima.

Jumamosi saa nne asubuhi nikaitoa. Imepinda kama sinia la pilau.

Kitu kilichojikunja mimi dawa yake ni moja. Pasi ilipogusa, upande mmoja ukalala, nikashangilia. Upande wa pili ukainuka. Nikaongeza moto. Ikaanza kutoa harufu. Eish! Nikaipachika chini ya majora mawili ya kitambaa cha sare, nikakaa juu yake mwenyewe, macho kwenye saa ya ukutani. Ningeweza kwenda kumwambia. Mlango wake ulikuwa hatua sita. Sikwenda.

Saa sita na nusu akagonga, amevaa shati nililomshonea, amenyoa mpaka amejikata kidevu. "Lete." Nikampa ndani ya jalada lake. Badala ya kusema ukweli, nikamnyoosha kola. "Na weye kuja," akasema. "Usiniache peke yangu."

Chumba kilinuka rangi. Geti lilipolia, aliichomoa santuri na kuiweka kwenye gramafoni bila kuitazama. Macho yake yalikuwa mlangoni. Binti akaingia, begi begani, hakukaa. Sindano ikashuka. Sauti ikatoka, ikapanda, ikalegea kama mlevi anayepanda ngazi, halafu tak, tak, tak, pale pale. Mzee akainama kuitazama. Binti akarudisha mkono kwenye kitasa.

"Ni mimi," nikasema. "Niliipiga pasi."

Binti anaelewa Kiswahili chetu ila hujibu kwa Kiingereza, nami nakutafsiria. Akageuka. "Uliipiga nini?"

"Pasi. Kwa kitambaa cha maji, isiungue."

Alinitazama mpaka nikatamani ningekuwa kwangu, chini ya cherehani. Tak, tak, tak. Mwisho akaja, akainua sindano kwa kidole kimoja, na bila kumtazama baba yake akamuuliza, "Kwa nini hukunisubiri?"

Mzee alikaa kitandani.

"Nilishindwa kukaa siku ingine na mwili wake," akasema. "Nilitaka tu iishe. Nilikosea, mama. Nilikosea."

Begi likashuka taratibu begani, likatua sakafuni. Binti akavuta kiti. Mimi sijui kunyamaza. Nikakohoa, nikaanza kueleza kuwa huenda upande wa pili wa santuri bado ni mzima, nilete kitambaa kingine tujaribu.

Mzee hata hakugeuza shingo. "Fundi, santuri umeiua. Nyamaza, toka, na ufunge mlango."