Sauti Iliyolia kwa Lugha ya Kwetu

Naikumbuka siku moja, mwanangu Lusajo, siku ya uchaguzi kama huu unaokuja, na kama ningeruhusiwa kusahau siku moja tu maishani, ningeisahau hiyo. Umeniuliza swali jepesi: "Shangazi, siasa unazifuatilia wapi mtandaoni?" Nitakujibu. Lakini kaa kwanza.

Nilipokuwa msichana hapa Katumba Songwe, bibi yangu alikuwa na ukali wake. Mtu akimletea habari ya msiba, kabla hata ya kumpa kigoda alimuuliza, "Umeona au umesikia?" Aliyesema nimesikia alirudishwa njiani akaone kwanza. Siku moja shangazi zangu walianza kuomboleza kwa uvumi kwamba mtumbwi wa Ikombe, kijiji cha wafinyanzi kando ya ziwa, umezama. Aliwakemea mbele ya wageni: "Kilio kikishatoka hakirudi mdomoni. Nani ameuona huo mtumbwi?" Jioni mtumbwi ukafika na vyungu vyake vizima. Sisi watoto tulimwona bibi ana roho ngumu, na Asajile, mdogo wangu, yaani baba yako, alikuwa bingwa wa kumwigiza.

Asajile alipokua alioa msichana wa Ikombe, akahamia naye ufukweni upande wetu huu kuvua. Simu za kupangusa zilipoingia, alikuwa kwenye makundi mpaka ya watu asiowajua. Siku hiyo ya uchaguzi wewe ulikuwa kwangu, mtoto wa shule. Nimesimama kwenye foleni ya kura, akanipigia anahema.

"Dada, mchukue mtoto mkimbie! Wanachoma nyumba huko Songwe, wanapiga watu, na wanakuja huku!"

"Songwe ipi? Mimi nipo Songwe. Hapa mama anakaanga mihogo yake, watu wanakula."

"Sauti imeingia kwenye kundi. Mtu analia, dada, na ni lugha yetu kabisa!"

"Umeona au umesikia?"

"Hiyo ya bibi iache leo," akasema, akakata.

Baadaye niliisikiliza sauti hiyo, na lugha yetu ilikuwa kweli. Ila aliyelia alikuwa Mngonde wa ng'ambo ya mto, Malawi, ndugu zetu tunaosikilizana nao bila mkalimani, akililia mambo ya kwao, ya siku nyingine kabisa. Hata alitaja kwacha zake alizoporwa. Mtu wa Dar angeshtuka hapo hapo. Sisi wa mpakani kwacha tunaishika kila siku ya gulio, neno likatupita. Wakasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hiyo siku hizi siitaki nyumbani kwangu.

Baba yako akampandisha mama yako kwenye mtumbwi kwenda kwa wakwe zake Ikombe. Ziwa lilikuwa limechafuka, na wengine walioisikia sauti ile wakajazana humo humo. Mama yako aling'ang'ania mtumbwi uliopinduka mpaka akaokolewa. Baba yako alipatikana kesho yake kwenye matete. Mjumbe alikuja kwa miguu mpaka hapa mlangoni. Nikamuuliza swali la bibi. Akainama, akasema, "Nimeona, dada."

Na huku Songwe hakuna nyumba hata moja iliyoungua. Watu walipiga kura, wakarudi kuanika kokoa yao.

Wewe tulikuambia ni upepo. Upepo ulikuwepo, hatukukudanganya sana. Lakini jana simu yangu imelia, ni wewe, umenitumia sauti na chini umeandika, "Shangazi, sambaza haraka." Nikafungua. Ni Mngonde yule yule, analia na kwacha zake. Nilikaa chini jikoni, nikashindwa hata kuinjika sufuria. Nilikasirika, mwanangu, na mpaka sasa nina hasira. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi; hawakuijua simu.

Basi jibu lako ni hili. Tarehe, vituo na matokeo nayatazama kwenye ukurasa wenyewe wa tume ya uchaguzi. Habari za mkoa nazifuata kwenye ukurasa wa ile redio ya Mbeya, kwa sababu mwandishi wao husema jina lake na mahali aliposimama, na akikosea kesho yake husahihisha. Hotuba ya mgombea naiangalia nzima, hata ikinichosha, maana kipande kilichokatwa hunieleza zaidi habari za aliyekikata. Nikiona jambo kubwa nalitafuta na kwingine kabla sijalimeza. Katika makundi nimebaki na la kwaya tu, na hata hilo wakianza siasa nawauliza swali la bibi. Wananiona mzee mkorofi, na waendelee tu. Lugha ya nyumbani ni tamu, lakini utamu wake si ushahidi.

Nenda kaifute ile sauti, kisha uwaambie uliowatumia kwamba umeifuta na kwa nini. Utaona aibu kidogo. Aibu huisha.

Jina lako Lusajo ni baraka, na aliyekupa ni baba yako. Kyala, Mungu wetu, akulinde na maji, akulinde na upepo, akupe macho ya kuona kabla ya mdomo wa kusema. Na kidole chako, mwanangu, kisipeleke kilio kwenye nyumba isiyo na msiba.