Fundi wa Ndege Aliyekataa Kutia Saini

Fundi wa ndege wa mtaani kwetu Kuze, hapa Mji wa Kale, amefariki, na tumemzika Jumanne baada ya sala ya adhuhuri. Mnaonisoma mnajua si kawaida yangu kulia gazetini. Wala leo silii. Leo nina hasira. Tulipokuwa tukitoka makaburini, bwana mmoja alinishika mkono akasema, "Mtu mwema yule, Mungu amrehemu, ila alikuwa mkaidi." Nilimjibu palepale kwamba hiyo "ila" yake aichukue arudi nayo kwake. Alininunia mpaka tukaachana, na akisoma hapa ataninunia tena.

Ukaidi huo mimi naujua kuliko yeye, maana uliniumiza mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilipigiwa simu asubuhi kwamba mama mdogo, aliyenilea, amefariki Nairobi na atazikwa alasiri. Nikavuka daraja la Makupa mbio hadi kiwanja cha ndege, nikapata tiketi ya saa tano. Ndege yenyewe ilikuwa imetoka kutua, na njiani ilirushwarushwa na hewa mbaya hata abiria wakatapika. Kanuni ya kazi yao ni kwamba ndege ikipata msukosuko wa namna hiyo, mabawa hukaguliwa kabla hajapanda mtu mwingine. Mkaguzi wa siku ile alikuwa jirani yangu huyu tuliyemzika. Yaliyompata huko chini ya bawa niliyajua baadaye. Nyuma ya bawa kuna vibawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, navyo hushikwa na bawaba za chuma. Kwenye bawaba moja aliona mstari mwembamba. Akapaka dawa nyekundu, akaipangusa, akapuliza unga mweupe juu yake, akangoja. Chuma kizima hubaki cheupe; penye ufa, wekundu hurudi juu. Ulirudi. Mkubwa wake akamwambia kwa simu kwamba huo ni mkwaruzo tu, atie saini, ndege itaangaliwa vizuri Nairobi jioni. Bila saini yake ndege haiondoki, naye akakataa.

Sisi tuliokuwa tukingoja hatukuambiwa ila kwamba kuna hitilafu ndogo. Nilipomwona anapita, vidole vyake vimejaa dawa nyekundu, nilimwendea kama mtu anavyomwendea jirani yake. "Ndugu yangu, nina maiti Nairobi. Nifanyie hisani, tuondoke." Aliniangalia sana. "Mwenyezi Mungu amrehemu," akasema. "Lakini siwezi kukuongeza wewe juu yake." Bawaba mpya ililetwa na ndege nyingine, ikafungwa, tukaondoka magharibi ikiingia. Nilifika mama mdogo keshafukiwa. Sikumsalia wala sikumtia mchanga. Nilimchukia mtu yule kwa miezi mingi, na sioni haya kusema hivyo.

Kampuni ikamsimamisha kazi kwa kumkaidi mkubwa wake. Akaambiwa aandike barua ya kuomba radhi, akiri alikosea, atarudishwa. Hapo ndipo sisi watu wa Mji wa Kale tulipofanya kosa letu. Kwetu hakuna ugomvi usiosuluhishika: wazee watatu wanne huvaa kanzu, huenda kwa mtu, hunywa kahawa yake, na mwenye nyumba hulainika hata kama haki ni yake, kwa kuzistahi nyuso zilizomjia. Tukaenda, nami nikiwamo. Mzee aliyetuongoza akaanza: "Mwanangu, radhi haimpunguzii mtu kitu. Mkubwa wako yuwataka karatasi, mpe karatasi, urudi kazini."

"Baba, nyinyi nawaheshimu," akajibu. "Lakini nikiandika kwamba nalikosea, nimeandika kwamba chuma kile kilikuwa kizima. Nacho hakikuwa kizima. Kesho fundi mwengine akiona ufa, ataonyeshwa barua yangu."

Mzee akamwomba tena, safari hii kwa ajili ya mvi zake. Nyuma ya pazia mke wa fundi hakuweza kujizuia. "Basi mwambieni huyo mkubwa apande yeye na wanawe na chuma chake kile, kisha muje tuzungumze!" Tuliinuka kahawa hatujaimaliza. Barua haikuandikwa, na kiwanjani hakurudi. Alifungua chumba kidogo cha barabarani, akatengeneza cherehani na feni hadi alipougua. Fundi aliyesomea mabawa ya ndege, akafungua feni zetu zilizojaa vumbi, na sisi tukaona hayo ni malipo ya ukaidi.

Tulikosea, na mimi nilikosea zaidi, kwa kudhani kila kitu kina suluhu. Watu husuluhishwa. Chuma hakijui nani kavaa kanzu wala nani ana maiti. Tazameni tunavyoishi: ghorofa zinapitishwa na watu wasiopanda ngazi zake, magari yanapasishwa bila breki zake kuguswa, na sijawahi kumsikia mtu aliyefukuzwa kazi kwa kuwa mwepesi wa kutia saini. Wanaofukuzwa ni wale wazito. Najua yuko atakayeniambia kwamba pengine ile bawaba ingefika Nairobi salama. Pengine. Watu wa namna hiyo wanangoja ndege ianguke ndipo wamwite fundi shujaa, na mimi nakataa kungoja nao. Fundi akifanya kazi yake sawasawa haitokei habari ya gazeti. Kwa hiyo naiandika mimi, tena kwa kuchelewa, na nilipaswa kumwambia uso kwa uso alipokuwa hai. Sikumwambia. Nilikuwa nikipita mbele ya mlango wake kila siku.

Basi wewe uliyeshika kalamu leo, ukiambiwa utie saini kitu ambacho jicho lako limekikataa, usitie. Watakuja wazee, atakuja jirani yako ana msiba, na wote watakutukana. Waache watukane. Anayekutukana yu hai.