Sokomutu imekataa kitanda yangu

Leo sokomutu imenipatisha haya mbele ya bajirani bote!

Iko mutoto yatima ya sokomutu, banaichunga hapa Baraka. Baliniomba, mi fundi wa mbao, niitengenezee mahali ya kulala mu lupango yake, kile kiwanja ya uzio.

Nikaleta kitanda ya mbao ya libuyu. Nikaiweka chini, mutoto asianguke.

Sokomutu ikaikalia.

Kitanda ikalia kwiiii.

Sokomutu ikaruka, ikapanda mu muti mpaka juu, ikakunja matawi, ikajitandikia yake.

Munganga wa banyama anacheka tu: "Papa, hii inalalaka juu. Uifungie kamba na matawi kule juu, kitanda urudishe kwako."

Bibi yangu naye: "Iko na akili! Ile kelele ya kitanda mi naisikia tangu ndoa yetu."

Sasa ninyi bote benye nilitengenezea bitanda, museme ukweli: munalalaka muzuri?