Urefu wa Ishengoma

Juzi, kwenye ukuta wa kliniki, niliona picha ya tezi iliyo chini ya ubongo, ndogo kama harage, inayotoa homoni ya kukua. Nikamkumbuka marehemu Ishengoma, pacha wangu. Tezi yake ilikuwa na uvimbe, lakini utotoni hatukujua.

Mchana mmoja tulikuwa tukichuma kahawa shambani kwetu Ihembe. Ishengoma aliyafikia matawi ya juu bila kujinyoosha, na baba akamsifu kwa sauti hadi majirani wakasikia. Mimi nilimfikia kifuani tu. Kwa wivu nikamgeukia mama.

“Mama, huyu aliniibia urefu tumboni?”

Mama alicheka. “Mwulize mwenyewe, Nyakato. Mimi sikuwemo humo.”

Ishengoma hakucheka. Alikuwa ameshika kichwa, kilichomuuma tangu asubuhi.

Tulipoketi kula, harufu ya ndizi na maharage ikifuka kutoka kwenye jani la mgomba, alisogeza fungu lake upande wangu.

“Kula wewe. Mimi nimechoka kukua.”

Nilidhani ananiringia. Nikala lote kwa hasira, huku nikimtazama kuona kama ameanza kupungua.