Kiti cha Mbele cha Mama Mkwe

Sikuwa na ugomvi na gari lenyewe. Lilikuwa kubwa, jeusi, la kifahari, viti vya ngozi, limetumika Ulaya kabla ya kuletwa Goma. Niliyekuwa na ugomvi naye ni mume wangu, na hasira hiyo sijaimaliza.

Tulikuwa tumekubaliana vizuri. Fundi alikague chini, asikilize injini, aliendeshe kwenye mawe ya barabara ya Munigi. Mimi nichukue nambari ya chasi, niitafute kwenye tovuti ya waliolitengeneza. Kabla ya hapo hakuna kufungua chupa. Nililisisitiza hilo kwa sababu namjua. Kwetu kitu kipya lazima kinyweshwe, iwe nyumba, pikipiki au hata televisheni. Bia inamwagwa kwenye magurudumu, majirani wanakunywa inayobaki, na baada ya hapo hakuna mtu anayerudisha gari kwa muuzaji. Mtaa mzima utamcheka.

Fundi alisema injini ni nzima. Tovuti ilisema jingine. Magari ya aina ile yalikuwa yameitwa yarudishwe, kwa kuwa mfuko wa hewa wa mbele ya abiria, ule unaojaa hewa gari likigonga, ungeweza kupasuka na kumrushia mtu vipande vya chuma usoni. Ungebadilishwa bure kwa wakala wao. Wakala gani? Hapa Goma hawana wakala. Niliwalaani njia nzima. Wanajua kitu kinaua, wanawalinda watu wao, halafu sisi tunauziwa mabaki yaliyopanguswa yakang'aa.

Nilipofika nyumbani, bia ilikuwa inatiririka kwenye magurudumu. Muuzaji alikuwa na chupa, majirani walikuwa na chupa, mume wangu pia. Na kwenye kiti cha mbele, kando ya dereva, alikuwa ameketi mama mkwe wangu na kitenge chake kipya, tayari kuzungushwa. Kile ndicho kiti cha heshima. Mama hakai nyuma.

Nilisoma yote kwa sauti, simu mkononi. Muuzaji akatabasamu.

"Mama, hiyo ni mambo ya kule Ulaya. Huku gari inatembea."

Mume wangu hakunitazama. "Tumeshakunywa," akasema. "Sasa nitaambia batu nini?"

"Utawaambia mimi bibi yako nimekataa."

"Unanipatisha haya bure. Hakuna danger yoyote."

"Sawa. Kama hakuna danger, muache mama yako pale pale. Enda naye Munigi."

Majirani walitazama chupa zao. Mume wangu akaweka yake chini, akafungua mlango wa mbele, akamshika mama yake mkono.

"Mama, kuya nyuma. Iko nafasi mingi."

Mama mkwe alishuka polepole, ameudhika, akinikata jicho kana kwamba ni mimi niliyemshusha. Akapanda nyuma.

Nilidhani yamekwisha. Nilidhani sasa mume wangu atamrudishia muuzaji ufunguo wake, wacheke wanaotaka kucheka. Lakini alibaki amesimama pale, ameshika mlango uleule wa mbele, wazi, akanionyesha kiti kwa kidevu.

"Basi, panda weye."

Ndipo nilipojua kwamba, kuhusu ule mfuko, alikuwa ameniamini tangu mwanzo.