Jiko Lililoniuma Mimi Tu

Kosa langu la kwanza katika nyumba ya shangazi lilikuwa kuvua ndala kwenye mlango wa jikoni. Nilivua kwa sababu niliambiwa nivue, kwa hiyo labda ninyi hamtaliita kosa. Mimi naliita hivyo. Nimelirudia kichwani kuliko makosa yote niliyoyafanya kwa kusudi.

Hunijia kila ninaposikia harufu ya jiko la umeme likianza kupata moto baada ya kukaa baridi. Kwanza linaungua vumbi, halafu tone la mafuta la jana, halafu inakuja harufu kavu ya chuma chenyewe, ile ambayo haikai puani bali kwenye meno. Wapo ambao harufu hiyo huwakumbusha chapati. Mimi vidole vyangu hujikunja vyenyewe.

Nilikuwa nimefika darasa la tano nilipotolewa kwetu Ludara, upande wa Koboko, nikapelekwa Arua kusoma. Shangazi Mastura, dada wa baba, alikuwa ameolewa katika familia ya Waislamu wa mjini, wale ambao mababu zao walikuja na jeshi kutoka Sudani. Mumewe, Amu, alifanya biashara Juba, na nyumbani tulimwona kwa nadra. Baba hakunipa maagizo marefu. Alisema shule yetu haikuwa na mwalimu wa hesabu, ya Arua ilikuwa naye, na siku Shangazi atakaponichoka nitarudi kulima mihogo. Kisha akanyamaza ili neno mihogo liniingie. Liliniingia. Sikuwahi kuwa mtoto wa kulala kwa amani, lakini tangu siku hiyo nikawa mtoto anayetandika kitanda, anakitandua, halafu anakitandika tena.

Kitu kikubwa katika nyumba ile hakikuwa televisheni wala makochi. Kilikuwa jiko la umeme, au kuka kama walivyoliita, jeupe, lenye sahani nne nyeusi za chuma juu na oveni chini. Amu alilileta kutoka Juba juu ya lori, likiwa limevikwa blanketi, likapitia mpakani, Kaya na Oraba, pamoja na magunia. Njiani lilipoteza kofia za plastiki za swichi zake mbili, zikabaki fito tupu za chuma. Shangazi hakujali. Alilifuta kila asubuhi, hata siku ambazo umeme haukuwepo, na siku hizo zilikuwa nyingi. Umeme wa Arua wakati ule ulikuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Ukiondoka, Shangazi alilitandikia jiko kitambaa alichokifuma mwenyewe. Ukirudi, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukimbia kukitoa.

Sakafu ya jikoni ilikuwa ya saruji nyekundu, iliyong'arishwa hadi ikaonyesha miguu ya meza. Hakuna aliyeruhusiwa kuikanyaga na ndala za nje. Shangazi peke yake alikuwa na ndala zake za ndani, za mpira, nene, za kijani, ambazo hazikuwahi kuonja vumbi la uani.

Siku ya kwanza aliniambia niwashe moto wa maharagwe. Nilivua ndala, nikaingia, nikashika ule ufito wa chuma nikauzungusha. Kitu kikaniuma. Hakikunichoma, kilinikamata kidole, kikapanda hadi kwenye kiwiko, kikaniachia, kama mtu anayekuvuta nguo halafu anajificha. Niliruka nyuma nikagonga kabati la vyombo. Nikasema inauma.

Shangazi akaja, shwa, shwa, na ndala zake. Akashika ufito uleule, akauzungusha mbele na nyuma, kisha akaweka kiganja kizima juu ya mlango wa oveni, akakiacha pale akinitazama.

"Mimi hainiumi," akasema. "Sasa kuka inajua kuchagua watu?"

Yeye alilishika na halikumfanya kitu. Nililiona kwa macho yangu.

Uani, kando ya sigiri ya makaa, alikaa mama yake Amu, ambaye sote tulimwita Haboba, yaani bibi. Haboba na Shangazi walisalimiana kila asubuhi kwa adabu kamili, na baada ya hapo hawakupumzika. Haboba alikuwa ameapa kwamba sufuria yake haitapanda juu ya kile alichokiita sanduku ya Juba. Aliposikia kwamba jiko limeniuma, alifurahi kana kwamba nimemletea zawadi. Akaniita, akanipa gurusa ya moto, ile chapati laini ya kwao, akasema kwa sauti ya kufika jikoni:

"Mutoto hasemi uongo. Kitu ya Juba iko na meno. Muke ya mutoto yangu anapika na kidole moja kama anabonyeza simu, ndiyo maana haioni."

Kutoka dirishani Shangazi akamjibu kwamba mwenye kupika kwa vidole kumi mbona chakula chake kina majivu. Mimi nilikuwa katikati, na gurusa mdomoni, nikijua kwamba kila tonge ninalomeza linanisogeza karibu na mihogo.

Kwa hiyo niliacha kulalamika. Nikaamua kwamba nitalitumia jiko lile bila kosa hata moja, na kwamba tatizo ni mimi. Hayo mawili niliyaamini kwa pamoja.

Hakuna aliyenifundisha. Niligundua mwenyewe kwamba sahani ya umeme ni nzito kuelewa: ukiiwasha inakawia, na ukiizima inaendelea kuchemsha kwa ubishi. Makaa unayapuliza au unayatoa. Hii huwezi kuiambia kitu. Baada ya kuunguza wali mara mbili nikajifunza kuizima kabla chakula hakijaiva, nikauacha ule moto wa deni umalizie kazi. Niligundua kwamba sufuria zilizotoka kwa Haboba, zenye matako ya mviringo kwa sababu ya miaka ya kupigwa na mwiko, zilicheza juu ya sahani na maji hayakuchemka. Ile ya matako bapa, iliyoenea sahani bila kuzidi, ilichemka upesi. Niliyafuta matako ya sufuria kabla ya kuziweka. Sikuacha mpini ukatazama nje. Chai yangu haikumwagika. Wageni walisifu pilau, na Shangazi akasema ahsante bila kunitazama.

Jiko lenyewe liliendelea kunichukia. Si kila siku. Hilo ndilo lililonichanganya. Siku niliyopiga deki liliuma zaidi. Nikitumia mwiko wa mti kukorogea halikuuma, nikitumia kijiko cha chuma liliuma kupitia uji wenyewe. Nikakuta kwamba nikisimama juu ya kipande cha ubao halinigusi kabisa. Nikaanza kusimama juu ya ubao. Shangazi akaukuta.

"Hii ni ya nini?"

Nikamwambia. Akauchukua ubao akautupa uani, akasema kwamba mimi nafanya maonyesho ili Haboba apate maneno, na kwamba kama kuka ya mume wake inanishinda, gari za Koboko zinaondoka kila asubuhi.

Nawaambia jambo moja zaidi, kwa sababu linaniuma hadi leo kuliko umeme wenyewe. Nyuma ya jiko, mahali ambapo waya mnene uliingia ukutani, kulikuwa na waya mdogo wa kijani na njano uliokatwa na kuachwa unaning'inia, hauendi popote. Ulichungulia kama ulimi. Mimi sipendi kitu kilichobaki nje bila mpango. Kila nilipofagia nyuma ya jiko niliusukuma ndani, na mwishowe nikaukunja vizuri nikaufunga kwa uzi usionekane. Nilijipongeza kwa usafi.

Ikafika Ijumaa moja ambayo wageni walitarajiwa baada ya sala. Maziwa yalikuwa jikoni, juu ya sahani ya nyuma. Mimi Haboba alikuwa ameniita nimshikie sinia. Shangazi alikuwa bombani uani anatawadha, na ndala zake za kijani alikuwa ameziacha chumbani, kando ya mkeka wa kusalia. Tukasikia maziwa yanafura, ile sauti ya tone kwenye chuma cha moto, na harufu yake ikatoka mlangoni. Shangazi akakimbia. Alinipita miguu mitupu, inachuruzika maji, na nikaona nyayo zake zikijichapa moja moja juu ya sakafu nyekundu.

Hakupiga kelele. Alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Nilipofika mlangoni alikuwa ameshika mpini wa oveni, na mkono ulikuwa hautaki kuuachia. Uso wake ulinitazama lakini haukuwa unaniona.

Sikumgusa. Si kwa akili, kwa woga. Niliruka hadi kwenye swichi kubwa ya ukutani nikaizima. Akakaa chini kama nguo iliyoanguka kutoka kwenye kamba.

Na mimi, badala ya kumuuliza kama yuko salama, nilisema, "Imekuuma." Nadhani nilitabasamu.

Kisha akasema, "Nimeteleza."

Haboba alikuwa ameshafika mlangoni na fimbo yake. Alitazama maziwa, akamtazama mke wa mwanawe aliyekaa sakafuni. Akaniuliza mimi.

"Wewe sema. Ameteleza ama imemuuma?"

Shangazi aliinua macho. Hakuniomba kitu, lakini nilielewa kabisa ninachoulizwa. Shule yangu ilikuwa mkononi mwa mtu huyu. Nilikuwa pia na miezi ya kuitwa mwongo.

"Imemuuma, Haboba," nikasema.

Kabla ya sala ya alasiri mtaa wote ulikuwa unajua. Haboba alisimulia kwa kila aliyekuja kuchukua makaa, akiongeza moshi na cheche ambazo hazikuwepo. Wageni walikula chakula cha sigiri. Shangazi aliwapakulia kwa mkono wa kushoto, akiomba radhi kwa kutumia mkono huo, na hakuna aliyemuuliza sababu kwa kuwa wote waliijua.

Nilirudishwa Jumapili. Alifunga nguo zangu mwenyewe, zimekunjwa vizuri kuliko ninavyokunja mimi. Pale kwenye gari akasema neno moja tu la kunisindikiza:

"Baba yako aliniletea mutoto. Sikujua ameniletea shahidi."

Nililima mihogo. Nilisoma hesabu peke yangu, kutoka kwenye kitabu kisicho na jalada, na baadaye nikajifunza mambo ya umeme vivyo hivyo, katika chumba cha kupanga Koboko mjini, kwa video za simu ambazo nilizirudia hadi nikaona aibu ingawa hakuna aliyekuwa ananiona. Ndipo siku moja nikauona ule waya wa kijani na njano kwenye kioo cha simu. Fundi wa kwenye video alisema kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme uliopotea kwenye mwili wa chuma, ili usipite kwa mtu. Ukikatwa, njia ya kwenda ardhini inakuwa mtu mwenyewe, hasa mwenye miguu mitupu juu ya saruji, hasa ikiwa imelowa. Mwenye mpira chini ya nyayo anaweza asihisi kitu.

Niliizima simu nikakaa. Shangazi hakuwahi kunidanganya. Alipoweka kiganja juu ya oveni hakuhisi kitu kweli, na mimi nilihisi kweli, na tukachukiana kwa sababu ya ndala. Na siku alipodanganya, alikuwa mtu aliyenusurika kufa, ambaye kitu pekee kikubwa alichowahi kuletewa na mumewe kilikuwa kimemshika mkono mbele ya mama mkwe wake. Wakati ule sikujua kwamba Amu alikuwa na nyumba nyingine Juba, na mke ndani yake. Mtaa ulijua. Haboba alijua. Maneno yake yote juu ya sanduku ya Juba hayakuwa juu ya jiko.

Nilienda Arua. Haboba alikuwa ameshafariki. Sigiri yake ilikuwa imepandwa vitunguu. Shangazi alinifungulia, akaniuliza habari za baba, akasema nivue viatu. Nilimwomba niangalie nyuma ya jiko. Uzi wangu ulikuwa bado upo, na fundo langu lilelile nadhifu. Nilichimbia fimbo ya shaba nje ya ukuta wa jikoni, nikabadilisha waya mzima, nikaweka kofia mpya kwenye zile fito mbili. Kisha, kwa kuwa sijiamini, nikamlipa fundi mwenye leseni aje apime. Shangazi alikaa mlangoni muda wote huo, amenipa mgongo, anachambua mchele.

Nilipomaliza nilimwambia ajaribu. Akaingia na ndala zake, akazitazama kwa muda, akazivua. Akaweka kiganja juu ya mlango wa oveni akakiacha pale. Bado hatujazungumza juu ya Ijumaa ile, na sioni kama tutazungumza.

Kilichobadilika ni hiki: ndani ya mlango wa jikoni kwa Shangazi siku hizi kuna pea mbili za ndala za mpira, na moja ni ya saizi yangu.